Mtoto njiti akiwekwa dripu ya chakula, chunga laini

Dada mgeni wa nasari, wodi ya watoto wachanga, kama zamu ya leo umepewa mtoto wa kilo moja mwenye dripu ya chakula, yaani chakula kinachopitia mshipani, usitetemeke. Huyu hakuja na akiba, mafuta ya mwili hana na tumbo halijakomaa, ndo maana sukari na proteini zinaanza siku hiohio aliozaliwa.

Hesabu ni kwa kilo, na uzito ni ule wa kuzaliwa mpaka aupite. Mwanzoni sukari miligramu 4 hadi 8 kwa kilo kwa dakika, proteini gramu 1.5 kwa kilo kwa siku ikipanda hadi kama 3.5, mafuta anza na gramu 1 au 2 usipite 4. Daktari ndo anaandika lakini piga hesabu yako pia, na mwenzio apige yake bila kuchungulia, nukta ikihama tu dozi imekuwa mara kumi.

Sasa laini, ule mpira unaoingia mshipani, hapa ndo watu wanaharibu. Mshipa wa mkono hauwezi sukari kali, ikipita asilimia 12.5 inataka laini ya kitovuni au nyingine inayofika mshipa mkubwa. Kaangalie kila saa, ikivuja nje ngozi ya njiti inaungua na kovu halitoki. Na laini ya chakula ni ya chakula, usipitishie dawa wala damu, usitolee sampuli, na seftriaksoni, ile dawa ya bakteria, ndo kabisaa, inashikana na kalisi (kalsiamu) ya dripu inakuwa chembechembe. Mfuko wenyewe ukiuona na chembe au umefanya wingu, rudisha famasi, usitikise ukidhani zitayeyuka. Mafuta ni meupe hutaona kitu, kwa hivo filta lazima.

Mfuko unakaa friji, nyuzi 2 hadi 8, na ukishautundika ufunike pamoja na mpira wake maana mwanga unaharibu vitamini na mafuta. Usiuweke karibu na dirisha, Februari ya Mombasa unaijua.

Stima ikipotea kimbilia pampu inayosukuma dripu kwanza, betri zingine ni jina tu wallahi. Laini ikifa usimwache mtoto hivohivo, sukari inashuka mara moja, muulize daktari muweke dekstrosi 10, maji ya sukari ya asilimia 10, kwenye mshipa wa mkono na upime sukari ya damu, chini ya milimoli 2.6 kwa lita ni dharura.

Na mamake akamue tangu siku ya kwanza, hata matone. Maziwa yakipanda dripu inapunguzwa, yakifika kama mililita 120 kwa kilo kwa siku na mtoto hatapiki, laini inatolewa.