Gia boksi ikishashuka, usibadilishe klachi pleti peke yake
Kwenye gari la spoti, kinachouma zaidi ni kazi ya kushusha gia boksi, hasa injini ikiwa nyuma au katikati. Kwa hiyo klachi pleti, presha pleti (inayoibana klachi pleti) na rilizi beringi (inayosukuma presha pleti ukikanyaga klachi) vibadilishwe kwa pamoja, hilo halina mjadala. Pailoti beringi nayo, ile ndogo inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi, kama gari lako linayo.

Penye kuumiza kichwa ni flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo klachi hufungwa juu yake. Ya kipande kimoja, kagua uso wake: madoa ya bluu yanaonyesha imepata joto kali, na ikiwa na nyufa za kina usiirudishe. Ya vipande viwili yenye springi ndani, izungushe kwa mkono kulia na kushoto. Ikicheza kupita kipimo cha mtengenezaji, badilisha. Boliti zake mara nyingi ni za kufungwa mara moja tu, nunua mpya.

Halafu pitisha kidole chini ya oil sili ya nyuma ya krenkshafti (shafti kuu ya injini). Ukikuta oili, ibadilishe hapo hapo, maana ikifika kwenye pleti mpya klachi itaanza kuteleza. Na silinda ya klachi, ile inayosukuma rilizi beringi, ikiwa ndani ya gia boksi, mimi siirudishi ya zamani hata ikionekana nzima.