Kunasa risasi ya maji ya ziwa kwa mchanga uliopakwa kitosani

Maji ya Ziwa Tanganyika pale Kibirizi, Kigoma, ni maang'avu kabisa, ila madini ya risasi (lead) hayaonekani kwa macho jamani, na WHO wanataka yasizidi 0.01 mg kwa lita kwenye maji ya kunywa, kiasi ambacho AAS ya moto (mashine ya kupima metali kwa mwali) inahangaika kukisoma. Kwa hiyo tunainasa kwanza, nusu lita ya maji tunaibana mpaka mililita 10, yaani mara 50, ile 0.01 inakuwa 0.5 na mashine inasoma vizuri.

Anza na mchanga, gramu 50, osha kwa asidi usuuze mpaka maji yatoke safi. Yeyusha gramu 2 za kitosani (unga unaotokana na magamba ya kamba) kwenye mililita 100 za asidi ya asetiki ya 2%, inavutika kama mlenda, changanya na mchanga, kausha, halafu tumbukiza kwenye kostiki soda utando ushike. Usiishie hapo maana kitosani tupu inayeyuka kwenye asidi, ifunge kwa glutaraldehaidi (vaa glavu, fungua madirisha), mchanga ukigeuka manjano imekubali. Mi huwa nachota kijiko pembeni nakimwagia maji ya mrututu (kopa salfeti), ukiingia ubluu ujue unanasa, hicho kijiko kitupe.

Sasa pH, yaani kipimo cha uasidi, hapa ndo wengi wanaharibu. Ziwa letu lina pH karibu 9 na bikaboneti kibao, unadondosha asidi ya naitriki inashuka hadi 6, unageuka kuandika kwenye daftari, ukirudi imepanda tena. Subiri vipovu viishe ndo uongeze. Tunataka 5.5 hadi 6, ikishuka sana haidrojeni inagombea nafasi na risasi, ikipanda risasi inaganda kabla haijafika kwenye mchanga.

Chuja maji, yapitishe kwenye kolamu (bomba lililojazwa mchanga ule) mililita 2 hadi 3 kwa dakika, ni kama saa tatu hadi nne, usifungulie zaidi. Kisha ng'oa risasi iliyonaswa kwa mililita 10 za asidi ya naitriki, kapime.

Na blanki je, yaani kupitisha maji yasiyo na risasi kwenye hatua zilezile? Niliwahi kupata risasi juu sana, nikawa tayari kwenda kuwaambia watu wa mwaloni, kabla sijatoka nikapitisha maji yaliyotoneshwa, namba ileile! Ilikuwa inatoka kwenye chupa zangu. Tangu siku hiyo naziloweka kwenye asidi 10% usiku kucha, na kila mara nachukua nusu lita nyingine ya maji ya ziwa yaleyale naitia mikrogramu 5 za risasi, zisiporudi angalau 4.5 juu ya ile iliyokuwemo, siandiki kitu, narudia.