Jinsi ya kuanzisha mfuko wa matibabu ndani ya kikoba chenu

Kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo zake zinakaa kwa watu watatu wa nyumba tofauti, ndo utaratibu wa vikoba vingi hapa Tanzania na ni utaratibu mzuri maana hakuna mtu anaweza kulifungua peke yake. Sasa mwaka juzi mtoto wa mwenzetu mmoja alishikwa degedege saa nane usiku. Mtoto wa miaka minne. Ndani ya sanduku kulikuwa na zaidi ya laki nane, lakini mwenye funguo ya pili alikuwa msibani wilaya nyingine na wa tatu simu imezima chaji. Yule mama akakopa elfu 30 kwa mtu wa mtaani, akaja kulipa elfu 45. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, ila mimi kama mweka hazina sikulala vizuri wiki nzima, hela ya mama yule ipo mita 200 kutoka kwake na haimsaidii kitu.

Na angalieni ile elfu 30 ilikwenda wapi. Mtoto chini ya miaka mitano kisera anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo kumuona daktari hakulipa. Alilipa bodaboda ya usiku kwenda na kurudi, dawa ambazo hazikuwepo akaandikiwa akanunue nje, na chakula cha siku mbili wodini. Hivyo ndo vitu vinavyotukamua watu wa kipato cha chini, hela ndogondogo zinazotakiwa sasa hivi. Mfuko wa matibabu unatakiwa ujengwe kwa ajili ya hizo kwanza.

Anzeni hivi. Mchango wa matibabu uwe peke yake, usichanganywe na hisa wala na mfuko wa jamii wa misiba na sherehe, maana vikichanganywa msiba mmoja unameza kila kitu. Sisi tupo 25, kila mtu anatoa 1,000 kwa wiki mbali na hisa zake, hiyo ni 25,000 kwa wiki na kwa mwaka inafika 1,300,000. Kama elfu moja ni nzito kwenu wekeni 500, muhimu ni kiwango ambacho hata mwenzenu anayeuza vitumbua anakiweza wiki mvua ikinyesha siku nne mfululizo.

Hela isikae yote sandukuni. Tulikubaliana elfu 60 ikae kwenye simu muda wote na inayobaki ndo iende kwenye kufuli. Kuna huduma za simu za vikundi, mfano M-Koba ya Vodacom iliyoanza 2019, ambapo hela haitoki mpaka viongozi waidhinishe kila mmoja kwenye simu yake, kwa hiyo bado hakuna mtu anaweza kuitoa peke yake ila hamna haja ya kuamshana na kutembea gizani. Chagueni wasimamizi wa dharura watatu, wawili wakikubali inatosha, na wasikae nyumba moja au ukoo mmoja. Halafu kila mwanakikundi awe na namba zao zimeandikwa kwenye karatasi ukutani, sio kwenye simu tu, maana simu inaweza kuwa imezima usiku huo huo.

Masharti yaandikwe kabla mtu hajaumwa. Yetu ni haya: dharura mpaka elfu 30 inatoka bila kikao na hairudishwi, mara mbili kwa mwaka kwa kila mwanakikundi. Ikizidi hapo ni mkopo, unarudishwa ndani ya miezi mitatu, bila riba. Hapa tulibishana sana, wapo waliotaka riba ya asilimia 10 kama mikopo ya biashara ili mfuko ukue. Mimi nilikataa na bado nakataa, mtu anayekopa mtaji anatarajia faida, anayekopa dawa hana faida anayotarajia, ukimtoza riba unamfanya akae na homa siku tatu nyumbani akipiga hesabu na akija kwenda hospitali gharama imeshakuwa mara tatu.

Kitu kingine ni nani anahusika. Familia zetu ni kubwa, leo shangazi kesho mtoto wa mdogo wake mume, na kukataa ni aibu. Kwa hiyo kila mwanakikundi anaandikisha majina sita mwanzoni mwa mwaka na hao ndo wanaohudumiwa, yeye mwenyewe akiwemo. Tulichukua sita kwa sababu CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, nayo ilikuwa inahesabu kaya ya watu sita.

Risiti zirudishwe ndani ya siku saba, za bodaboda hazipo basi inatosha jirani mmoja wa kikundi athibitishe. Lakini kwenye daftari msiandike ugonjwa. Andikeni tarehe, namba ya mwanachama, kiasi, na neno "matibabu" basi. Kuna mwenzetu alijiuguza kimya muda mrefu kwa sababu aliogopa atasomwa mbele ya watu 24, tulivyobadilisha daftari ndo akaja. Ukimlazimisha mtu ajieleze kwenye kikao mfuko utakuwa na hela lakini hautakuwa na watu.

Hela ya wiki pia inaweza kuwafikisha kwenye bima. Huo mfuko wa afya ya jamii (CHF) ulianzia Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake 2001, na ule ulioboreshwa ulikuwa 30,000 kwa kaya kwa mwaka mikoa mingi. Tatizo watu wengi elfu 30 ya mkupuo hawana, ila ukiigawa ni kama 600 kwa wiki. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, kwa hiyo tumeni watu wawili wa kikundi waende zahanati au ofisi ya mtendaji wa kata waulize kiwango cha sasa na vituo vinavyopokea, warudi na majibu yaliyoandikwa, kisha mgawe kiasi hicho kwa wiki. Kwa wakulima nashauri mlipe baada ya mavuno wote siku moja, ukisema kila mtu alipe kwa wakati wake nusu hawatalipa.

Halafu msilipie vitu ambavyo havilipiwi. Dawa za TB na ARV ni bure. Wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wana msamaha, na wazee kuanzia miaka 60 wasiojiweza pia, ila mzee lazima atambuliwe, kwa hiyo msisubiri augue, mpelekeni kwa mtendaji na afisa ustawi wa jamii akiwa mzima. Mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura pigeni 115, ni namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, na usafiri hamtalipia. Tumeiandika kwa rangi nyekundu kwenye ile karatasi ya ukutani.

Kwenye dawa, mkiandikiwa ombeni jina lenyewe la dawa sio jina la kampuni, maana Panadol na parasetamo nyingine zinatuliza homa ile ile kwa bei tofauti kabisa. Nunueni duka lenye kibali, yale ya Dawa Muhimu yaliyoanzia Ruvuma 2003 sasa yapo mpaka vijijini. Na homa ipimwe kwanza, kumeza dawa mseto bila kipimo wakati sio malaria ni hela imepotea na ugonjwa bado upo.

Damu nayo msiisahau. Haiuzwi, lakini ndugu huombwa walete wachangiaji, na kutafuta watu usiku kunakula hela ya nauli. Sisi tuna orodha ya walio tayari, mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke minne, tukaandika na tarehe ya mwisho aliyochangia kila mtu.

Mwisho wa mwaka mkivunja kikoba mgawane hisa na faida, mfuko wa matibabu msiuguse. Watu watasema ni hela yetu tugawane, watoto wanaenda shule Januari, na ni kweli ni yao, ila Januari ndo mwezi ambao kila nyumba imeishiwa na wagonjwa hawapungui. Liandikeni hilo kwenye katiba ya kikundi siku ya kwanza kabisa mkiwa bado hamna hata shilingi, maana ikifika Desemba na hela ipo mezani hamtakubaliana.