Wakati gani kuzibua mishipa ya moyo kunaweza kusubiri

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya presha na moyo hapa Moshi. Swali ninaloulizwa zaidi na ndugu wa wagonjwa huja na karatasi ya majibu mkononi: "Sista, wameandika mshipa umeziba asilimia 80. Tunasubiri nini?" Wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Ila asilimia peke yake haitoshi kuamua. Kuna mgonjwa ambaye kwake kusubiri huku anatumia dawa ndiyo tiba nzuri, na kuna mwingine ambaye kuchelewa hata saa chache kunaweza kumgharimu maisha.

Anza na maumivu kabla ya karatasi. Muulize mgonjwa: kifua kinabana lini, akifanya nini, kwa muda gani, na kinaachia vipi? Namkumbuka mzee mmoja wa Kibosho. Alibanwa kifua kila alipopanda kutoka mtoni na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akisimama dakika tatu nne, kinaachia. Hali ilikuwa hivyo tangu msimu wa kahawa uliopita, mlima uleule, mzigo uleule, haikuongezeka. Huo ndio ugonjwa uliotulia. Unauma, lakini una kawaida yake, na mgonjwa mwenyewe anajua utamkuta wapi.

Kawaida hiyo ikivunjika, mjadala wa kusubiri umekwisha. Maumivu yakimjia akiwa ameketi au yakimwamsha usingizini, yakianza kuja kwa mwendo mfupi kuliko zamani, au yakizidi siku hadi siku, huyo ni wa hospitali leo. Kifua kikibana bila kuachia, jasho jembamba likimtoka, pumzi ikakata, mpelekeni mapokezi ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu. Msimpakie basi la Dar. Kama hana mzio wa aspirini wala tatizo la kutokwa damu, atafune kidonge mkiwa njiani. Na jihadharini na wagonjwa wa kisukari, wazee sana na akina mama: wengine hawaumwi kifua kabisa, wanachoka ghafla, wanahema au wanapata kichefuchefu.

Kwa aliyetulia, sababu ya kuweza kusubiri inatokana na jinsi ugonjwa wenyewe ulivyo. Watu wa mlimani tunajua mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Unaweza kuzoa tope lote mahali maji yanapopita kwa shida, na kesho ukingo ukabomoka hatua hamsini chini yake, mahali palipoonekana pazima. Mishipa ya moyo ina tabia hiyo. Shambulio la moyo mara nyingi hutokea pale utando wa mafuta ulio laini unapopasuka na damu kuganda juu yake, na si lazima iwe kwenye sehemu nyembamba kuliko zote. Stenti, kile kijibomba cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa unapozibuliwa, hufungua sehemu moja. Dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli), aspirini, presha iliyodhibitiwa na kuacha sigara hufanya kazi kwenye mishipa yote, hata ile ambayo kipimo hakikuiona.

Hili limepimwa. Mwaka 2007 utafiti wa COURAGE, wenye wagonjwa 2,287 wa Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba kwa ugonjwa uliotulia, kuongeza stenti juu ya dawa nzuri hakukupunguza vifo wala mashambulizi ya moyo. Wengi hawakuamini. Ukaja utafiti mkubwa zaidi, ISCHEMIA, uliochapishwa mwaka 2020: wagonjwa 5,179 katika nchi 37, wote wakiwa na upungufu wa damu kwenye moyo wa kiwango cha kati au kikubwa. Nusu walipelekwa mapema kwenye anjiogramu, yaani picha ya mishipa ya moyo inayopigwa kwa dawa ya rangi, na kuzibuliwa au kufanyiwa upasuaji, nusu walianza na dawa. Baada ya miaka zaidi ya mitatu, vifo havikutofautiana. Waliozibuliwa walipata mashambulizi mengi zaidi mwanzoni, yatokanayo na utaratibu wenyewe, na machache zaidi baadaye. Kati ya walioanza na dawa, takriban mmoja kati ya watano aliishia kuzibuliwa ndani ya miaka minne.  Alizibuliwa sababu ilipojitokeza.

Faida ya stenti ilionekana kwenye maumivu. Waliokuwa wakiumwa kila siku au kila wiki walipata nafuu kubwa kwa kuzibuliwa. Wale ambao hawakuwa na maumivu hawakuongezewa chochote wanachoweza kukihisi. Kwa hiyo mtu asiyeumwa, anayeambiwa azibuliwe "ili asife ghafla", ana haki ya kumwuliza daktari wake ushahidi wa maneno hayo kwa hali yake.

Lakini msisubiri gizani. Matokeo ya ISCHEMIA hayamhusu kila mtu. Utafiti uliwatoa wenye mshipa mkuu wa kushoto uliobana nusu au zaidi, wenye moyo unaosukuma damu chini ya asilimia 35, waliopata shambulio karibuni, na wale ambao maumivu yao hayavumiliki licha ya dawa. Kwa hiyo kabla ya kukubaliana kusubiri, mwombeni daktari mambo mawili: eko ya moyo, kipimo cha mawimbi ya sauti, iseme nguvu ya moyo ni asilimia ngapi, na daktari aseme ana uhakika gani kuhusu mshipa mkuu wa kushoto. Hilo la pili huhitaji picha ya CT ya mishipa ya moyo au anjiogramu. Kama anjiogramu imeshafanyika, someni ripoti hadi mwisho, msiishie kwenye ile asilimia iliyowatisha.

Mwenye kisukari na mishipa mingi iliyoziba namweka pembeni. Utafiti wa FREEDOM wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kwa watu hao, pale inapobidi kufungua njia ya damu, upasuaji wa kupandikiza mshipa ulikuwa bora kuliko stenti. Akiharakishiwa stenti kwa sababu ndiyo iliyo karibu, anaweza kukosa tiba iliyomfaa zaidi.

Sasa dawa, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Kusubiri bila dawa ni kumtelekeza mgonjwa. Nakutana na wazee walioandikiwa dawa nne, wakanywa ya presha peke yake kwa sababu ndiyo wanayoielewa. Atovastatini, ile ya lehemu, waliiacha pakiti ya kwanza ilipoisha, kwani "haikuonyesha kazi". Dawa ya lehemu haionyeshi kazi. Utaijua kwa kipimo cha damu, na kwa shambulio ambalo halikuja. Bisoprololi au amlodipini ndizo zinazopunguza kubanwa. Bisoprololi isikatwe ghafla, kwa hiyo nunueni kabla haijaisha, hasa mkienda kijijini. Naitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana iwe mfukoni, si kabatini, na atakayeitumia asitumie kamwe dawa za nguvu za kiume, pamoja na zile za "asili" zinazouzwa stendi, maana presha inaweza kuporomoka akafa. Wazee hawalisemi hili mbele ya binti zao. Tokeni nje kidogo, mwacheni azungumze na daktari au nesi peke yake.

Mpeni muda wa haki: dawa zote, kwa dozi iliyopandishwa na daktari, kwa wiki sita hivi, kisha rudini kliniki. Andikeni kwenye daftari la shule mara ngapi kifua kilibana na alikuwa akifanya nini. Daftari hilo linamsaidia daktari kuliko maelezo ya watu watatu wanaobishana mbele yake. Kutembea kunafaa, kwa mwendo ambao bado anaweza kuongea. Kuhusu chakula sitawachosha: mtori na machalari vinaliwa, mafuta na chumvi vipungue. Mbege si dawa ya moyo, hata kama babu aliinywa akafika miaka tisini.

Kuna sababu nyingine ya kusubiri inayosahaulika. Akiwekewa stenti, atakunywa aspirini pamoja na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa miezi, mara nyingi sita kwa ugonjwa uliotulia, na kuzikatisha mapema kunaweza kuziba stenti. Kama mzee anangoja upasuaji wa tezi dume au wa ngiri, semeni mapema. Stenti iliyowekwa wiki chache kabla inaweza kuuzuia upasuaji huo, au kuufanya uwe wa hatari.

Na michango? Fedha zikishakusanywa, kundi la WhatsApp la ukoo linataka kuona kitu kimefanyika. Mtoto mkubwa au shemeji anayeheshimika aandike waziwazi: "Baba yuko kwenye matibabu. Daktari ameona aanze na dawa, tutarudi kliniki tarehe fulani. Michango iliyopo italipia dawa, vipimo na nauli ya dharura." Asiandike kwamba daktari amesema hakuna shida. Shida ipo, na inatibiwa.

Kusubiri kunaisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni zile dalili za hatari. Ya pili ni pale dawa zimefika mwisho wa uwezo wake na mgonjwa bado hawezi kuishi maisha anayoyataka. Mzee wa Kibosho alipata nafuu ya kweli kwa dawa, lakini baada ya muda akawa hawezi kwenda kufungulia maji zamu yake ilipofika, na hilo lilimuuma kuliko kifua. Alikaa na daktari wakakubaliana azibuliwe. Aliambiwa wazi kwamba stenti ni kwa ajili ya kumpunguzia maumivu na haimwondoi kwenye dawa zake. Aliondoka kwa miadi, mchana, akiwa ameketi na binti yake.

Nanyi mkifika hapo na kupewa rufaa ya Dar, kwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete au kwingineko, bebeni ripoti ya eko, CD ya anjiogramu kama ilifanyika, majibu ya figo ya karibuni kwa sababu dawa ya rangi inayotumika inaweza kuzidhuru, na dawa zote zikiwa kwenye pakiti zake. Ulizeni bima italipia nini kabla ya kukata tiketi. Asubuhi ya safari anywe dawa zake kama kawaida, isipokuwa daktari awe amesema vinginevyo.