Adisopsheni: kwa nini baadhi ya mbolea hung'ang'ania udongo na nyingine huenda na maji

Mbolea ikishayeyuka ardhini, mustakabali wake hutegemea sana adisopsheni, yaani hali ya chembe zilizo ndani ya maji kunata kwenye uso wa kitu kigumu bila kupenya ndani yake. Udongo wa mfinyanzi na mboji huwa na chaji hasi, na kwa hiyo hunasa virutubisho vyenye chaji chanya, kama vile potasiamu, kalsiamu na amoniamu, kisha huviachia mizizi kidogo kidogo. Udongo wa kichanga una uwezo mdogo wa kunasa, na ndiyo maana samadi iliyooza vizuri huusaidia kuliko kuuongezea mbolea ya chumvichumvi peke yake.

Naitreti, yaani aina ya naitrojeni ambayo mizizi hufyonza, hainaswi kwa kuwa nayo ina chaji hasi. Hata urea hatimaye hugeuka kuwa naitreti, na mvua kubwa ikinyesha huzama chini kusikofikiwa na mizizi. Gawa mbolea ya kukuzia mara mbili au zaidi, hasa kwenye kichanga.

Fosforasi ina tatizo la kinyume chake. Katika udongo mwekundu wenye tindikali, oksidi za chuma na aluminiamu huikamata kwa nguvu kiasi kwamba mmea hupata sehemu ndogo tu ya kilichowekwa. Ukiitawanya shamba zima, unaigusanisha na udongo mwingi na kuipoteza. Iweke kwenye shimo au mfereji, karibu na mbegu lakini isiiguse, na kama vipimo vya udongo vinaonyesha tindikali nyingi, tumia chokaa kwa kiwango kilichopendekezwa.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni maji ya kuchanganyia dawa ya magugu. Glaifoseti, mojawapo ya dawa hizo, hunata kwenye mfinyanzi na kukosa nguvu, kwa hiyo aliyechota maji ya tope ameidhoofisha dawa yake kabla hata hajaanza kunyunyizia, na vumbi zito juu ya majani hufanya vivyo hivyo. Kuyachuja kwa kitambaa hakutoshi, kwa kuwa chembe za mfinyanzi, ambazo hazifiki milimita 0.002, hupita kwenye nyuzi. Yaache maji yatuame, kisha chota ya juu kwa uangalifu. Yakiendelea kuwa na ukungu ndani ya chupa angavu, tafuta maji mengine.