Jinsi ya kulinganisha muvi na kitabu chake (tunatumia 2001: A Space Odyssey, hadithi ya safari ya anga za juu)

Wengi wakiambiwa walinganishe wanaorodhesha tu, hiki kipo kile hakipo, mwisho kurasa mbili zisizosema kitu. Mi nafanyaga hivi.

Hatua ya 1: jua kipi kilitangulia. Hapa watu wanadhani dairekta Stanley Kubrick alichukua kitabu cha Arthur C. Clarke akakigeuza muvi. Wapi! Walianza pamoja 1964, muvi ikatoka Aprili 1968, kitabu kikafuata mwaka huohuo. So yale malalamiko ya "dairekta kaharibu kitabu" futa kabisa.

Hatua ya 2: cheki muvi kwanza, andika maswali tu. Utakuwa nayo kibao, maana dakika 20 na kitu za mwanzo hakuna hata anayeongea.

Hatua ya 3: soma kitabu ukiwinda majibu. Vidogo pita navyo haraka, mfano muvi wanaenda Jupita, kitabu Zohali, hapo ni pete za Zohali tu ziliwasumbua watu wa efekti.

Hatua ya 4: chagua sini moja ukae nayo. Mi nachukua pale HAL, kompyuta ya chombo, inapoanza kuua. Kwenye muvi inawasoma midomo Bowman na Poole, wanaanga wa hicho chombo, wakipanga kuizima, baadaye Bowman anatoka kufuata mwili wa Poole, helmeti kaiacha ndani, akirudi HAL inagoma kumfungulia. Kwenye kitabu habari ya midomo hamna, Bowman hatoki, HAL inafungua milango hewa yote inatoka na jamaa anaponea kwenye kichumba cha dharura chenye oksijeni.

Hatua ya 5: jiulize msomaji anajua nini ambacho mtazamaji hajui. Hapa ndo penye utamu. Kitabu kinakwambia wazi HAL iliagizwa iwafiche hao wawili lengo la safari, na yenyewe haikuumbwa kudanganya, ikavurugika. Muvi inakurushia kavideo kafupi ka Dk. Floyd, bosi wa mambo ya anga huko duniani, HAL ikishazimwa, ukipepesa macho imekupita. Kwa hiyo kitabuni unaielewa, kwenye muvi unaiogopa, ingawa pale inapozimwa ikibembeleza, inasema inaogopa, mi naona muvi imekiacha kitabu mbali.

Hatua ya 6: malizia na mwisho. Mtoto wa nyota (Bowman akishageuka kiumbe kipya) kwenye muvi anaiangalia dunia basi, kitabuni analipua silaha ya nyuklia iliyokuwa inazunguka huko juu. Na ukiendelea na 2010, kitabu cha Clarke cha 1982, usichanganyikiwe kukuta safari ilikuwa ya Jupita, pale kafuata muvi sio kitabu chake mwenyewe.