Kucheza Archon watu wawili kwenye VICE bila kibodi kuwasaliti

Archon ni mchezo wa kompyuta uliotoka 1983, kazi ya Jon Freeman, Anne Westfall na Paul Reiche III. Kwa mbali utadhani ni chesi: ubao wa miraba 9 kwa 9, kete 18 kila upande. Ila hapa kete ya adui hailiwi hivi hivi. Ukiingia kwenye mraba wake, mnapelekwa uwanjani kupigana, na atakayesalia ndiye mwenye mraba. Kucheza na mashine inawezekana, lakini sioni utamu wake. Huu ni mchezo wa watu wawili wanaotupiana maneno.

Hatua ya 1. Weka VICE, programu ya bure inayoiga kompyuta za zamani za Commodore. Fungua x64sc, yaani sehemu yake inayoiga Commodore 64 (C64).

Hatua ya 2. Pakia faili la diski (D64) kwa Autostart. Ikigoma katikati, hakikisha "True drive emulation" (kuiga kiendeshi halisi cha diski) imewashwa. Alt+W huharakisha upakiaji. Ukimaliza izime, la sivyo mchezo utakimbia kama umerogwa.

Hatua ya 3. Vidhibiti. Hapa ndipo watu wengi hukwama, basi soma taratibu.

Kwenye mipangilio ya joistiki, mpe mmoja Keyset A (seti ya vitufe vya kibodi vinavyofanya kazi ya joistiki) kwenye poti 1, mwenzake Keyset B kwenye poti 2, kisha weka alama kwenye "Allow keyset joysticks". Ukisahau alama hiyo, hakuna kitakachosogea. Mkijikuta mmebadilishana pande, Alt+J inazigeuza poti.

Sasa mtego wenyewe. Kwenye ubao kila kitu kitaenda sawa, kwa sababu mnapokezana zamu. Mkifika uwanjani wote mnabonyeza kwa pamoja: kurusha mshale kimshazari ni vitufe viwili vya mwelekeo na kimoja cha kufyatua, mara watu wawili ni sita. Kibodi nyingi za bei nafuu haziwezi kusoma vitufe vingi hivyo; vingine vinamezwa kimya kimya. Mwenzako atasema unamwibia, nawe utalaumu VICE bure.

Wengi hushauri kufyatua kwa Shift. Sikubaliani. Windows ikiona Shift mara tano mfululizo inakuletea dirisha la Sticky Keys katikati ya vita, na vitufe vya namba vya kulia hubadilika maana Shift ikishikiliwa. Ctrl ina nafuu.

Dawa ninayoipenda ni pedi ya michezo ya USB, hata ile ya bei ya chini kabisa, kwa mchezaji mmoja. Kama hamna pedi, chomeka kibodi ya pili: kompyuta huzipokea zote mbili kama moja, lakini kila moja inasoma vitufe vyake, hivyo hakuna kumezana.

Pia, joistiki ya poti 1 ikiandika herufi za ajabu kwenye skrini ya buluu ya mwanzo ya C64, usishtuke. Kwenye C64 halisi poti hiyo inashirikiana nyaya na kibodi.

Hatua ya 4. Kwenye menyu chagueni wachezaji wawili, anzeni.

Ushauri kidogo wa vita: upande wa mwanga upiganie kwenye mraba mweupe, wa giza kwenye mweusi, maana kete hupata uhai zaidi hapo. Miraba mingine hubadilika rangi kadiri zamu zinavyokwenda, hivyo kuna wakati wa kushambulia na wakati wa kungoja. Ukishika sehemu zote tano za nguvu (miraba maalumu ubaoni), umeshinda papo hapo. Na kila uchawi wa kete yako ya mchawi hutumika mara moja tu, wala hauigusi kete iliyosimama kwenye sehemu hizo.